Kufufua mikorosho mikongwe na mashamba pori mkoani Mtwara: kupogoa, kupunguza na kubebesha

Katika vijiji vya Mkoa wa Mtwara, kuanzia ufukwe wa Msimbati hadi juu ya uwanda wa Makonde katika wilaya za Newala na Tandahimba, ipo mikorosho iliyopandwa na mababu wa wale wanaoitunza leo. Mti wa namna hiyo bado umesimama. Kivuli chake ni kipana, majani yake ni mabichi karibu mwaka mzima, na mgeni apitaye njiani humsifu mwenye shamba. Lakini mwenye shamba mwenyewe, aingiapo chini yake msimu wa mavuno, hutoka na ndoo isiyojaa.

Hali hiyo haitokani na uzee peke yake. Mkorosho uliotunzwa vizuri unaweza kuendelea kuzaa kwa miongo kadhaa. Kinachoupunguzia uzazi ni msongamano: matawi yaliyoachwa kukua bila kukatwa, miti iliyopandwa karibu karibu hadi mwamvuli wa mmoja kuingia katika mwamvuli wa mwingine, na machipukizi yasiyo na kazi ambayo hujaa ndani ya mti na kuwa makazi ya magonjwa. Makala haya yanaeleza jinsi mti wa aina hiyo unavyoweza kurudishwa katika uzazi, nani aguswe kwa msumeno na nani aachwe, na gharama ambayo familia ya mkulima hubeba wakati wa kungoja.

Mashamba yalivyogeuka pori

Asili ya mkorosho ni kaskazini-mashariki mwa Brazili. Wareno ndio walioufikisha katika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16, na mti huo ulipata katika udongo wa kichanga wa kusini mazingira yaliyoufaa kuliko mazao mengi ya kudumu. Kilimo chake cha biashara kilikua katika karne ya 20, na katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000. Baada ya hapo uzalishaji ulianza kuporomoka, na kufikia msimu wa 1986/87 ulikuwa takribani tani 16,500 tu.

Sababu za anguko hilo zilikuwa kadhaa na zilishikana. Bei aliyolipwa mkulima haikumpa ari ya kupalilia. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamishia watu katika makazi ya pamoja, na wengi wakajikuta mbali na mikorosho yao, umbali ambao haukuwaruhusu kuihudumia kila siku. Mwishoni mwa muongo huo huo ukaingia ugonjwa wa ubwiriunga, ukungu mweupe unaoshambulia machipukizi, majani machanga na mashada ya maua. Mashamba yaliyoachwa yakaota vichaka, vichaka vikapitiwa na moto wa kila kiangazi, na jina la mashamba pori likazoeleka katika mazungumzo ya wakulima na maofisa ugani.

Uzalishaji ulipata nafuu taratibu kuanzia miaka ya 1990, kutokana na matumizi ya salfa, utafiti wa mbegu bora uliofanywa katika Kituo cha Utafiti wa Kilimo Naliendele, kilichopo nje kidogo ya mji wa Mtwara, na mabadiliko katika soko. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla ya hapo. Hata hivyo ongezeko hilo halimaanishi kuwa shamba la kila mkulima limepona. Miche mipya iliyopandwa katika mikoa mingi ina mchango wake katika hesabu ya taifa, na mkorosho wa babu katika kijiji cha mpakani mwa Ruvuma unaweza kuwa palepale ulipokuwa miaka 30 iliyopita, ukizaa kilo chache.

Mkorosho huzaa pembezoni

Jambo moja likieleweka, mengine yote katika utunzaji wa mti huu huwa rahisi kufuata. Mkorosho hutoa maua katika ncha za matawi yaliyopata jua. Hauzai ndani ya mwamvuli, wala katika tawi lililofunikwa na jirani yake. Mti uliosimama peke yake, wenye nafasi pande zote, huzaa kuanzia karibu na ardhi hadi kileleni, kama kuba lililovikwa maua. Mti uliobanwa huzaa kileleni tu.

Kwa sababu hiyo mkulima mwenye miti mingi katika eka moja anaweza kuvuna kidogo kuliko jirani yake mwenye miti michache. Nafasi inayopendekezwa kwa mikorosho iliyokwisha kukomaa ni mita 12 kwa mita 12, yaani takribani miti 28 kwa eka au 69 kwa hekta. Mashamba ya zamani hayakupimwa kwa kamba. Mbegu zilitupwa mbili tatu katika shimo moja, nyingine ziliota zenyewe baada ya kudondoka, na palipokuwa na mti ulioelekea kufa mkulima alipanda mwingine pembeni yake, kisha ule wa kwanza haukufa. Hatimaye likajengeka dari moja la majani ambalo chini yake hata magugu hayaoti vizuri.

Dari hilo ndilo linalopendwa na ubwiriunga. Vimelea vya ugonjwa huu huendelea kuishi nje ya msimu wa maua katika machipukizi machanga yaliyojificha kivulini, na msimu wa maua unapoanza huruka kwa upepo hadi kwenye mashada. Shada lililoshambuliwa hukauka kabla maua hayajafunguka. Vumbi la salfa linalopulizwa kutoka chini kwa mashine haliwezi kupenya vizuri katika msongamano, na kileleni, ambako ndiko maua yalipo, hufika kidogo. Mkulima huongeza dawa, nayo gharama hupanda bila mavuno kupanda. Zaidi ya hayo, salfa inayotumika miaka mingi mfululizo huongeza tindikali katika udongo wa kichanga ambao tangu mwanzo hauna rutuba ya kutosha. Kupogoa hakuondoi haja ya salfa, ila huifanya salfa iliyonunuliwa au iliyotolewa kwa ruzuku ifanye kazi iliyokusudiwa.

Kuujua mti kabla ya kuukata

Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kuanza na msumeno. Kazi ya kwanza ni kuuhesabu kila mti na kuujua. Mikorosho iliyotokana na mbegu haifanani: miti miwili iliyosimama bega kwa bega, katika udongo ule ule na kwa huduma ile ile, inaweza kutofautiana sana kwa uzito wa mavuno na ukubwa wa korosho. Mwenye shamba huijua baadhi kwa macho, lakini macho husahau, na mti mkubwa hudanganya kwa kuonekana kwake.

Njia ya kuaminika ni kuupa kila mti namba kwa rangi na kuandika katika daftari kilo zilizookotwa chini yake. Misimu miwili hutoa picha, misimu mitatu hutoa uhakika zaidi, kwa kuwa mwaka mmoja wa mvua mbaya au wa ugonjwa mkali unaweza kuuchafulia jina mti mzuri. Mkulima asiye na mizani anaweza kutumia ndoo ya ukubwa mmoja. Daftari hilo ndilo litakaloamua mti upi ubaki, upi upogolewe tu, upi ukatwe na kubebeshwa, na upi ung'olewe kabisa. Ni daftari lenye thamani kubwa kuliko panga, ingawa ni nadra kulikuta shambani.

Pamoja na kilo, shina lenyewe lichunguzwe. Unga wa mbao chini ya mti, gundi nyeusi inayotiririka kutoka katika matundu, na gome linalotoa sauti ya uwazi linapogongwa ni dalili za wadudu watoboao shina. Mti wenye dalili hizo kwa wingi haufai kufanyiwa ukarabati. Kisiki chake hakitachipua, au kitachipua kisha kife. Vilevile mti unaonyauka upande mmoja huku majani yakigeuka manjano na kupukutika uripotiwe kwa ofisa ugani kabla haujaguswa. Ugonjwa wa mnyauko unaosababishwa na fangasi wa jamii ya fuzari umeshaonekana katika mikorosho ya Mkoa wa Pwani, na vimelea vyake hukaa ardhini, hivyo udongo na vifaa vinaweza kuvisafirisha kutoka shamba moja hadi jingine.

Kupogoa kwa kila mwaka

Kwa mti wenye afya na uzazi wa kuridhisha, kinachohitajika ni kupogoa kwa kiasi. Wakati wake ni mara baada ya mavuno. Mkoani Mtwara mavuno huanza karibu na Oktoba na kuelekea mwisho kati ya Desemba na Januari, wakati mvua za msimu zimekwishaanza. Mti unapokatwa katika kipindi hiki hupata miezi ya mvua ya kufunika majeraha na kuotesha matawi mapya yatakayokomaa kabla ya maua ya Julai na kuendelea.

Huanzwa na yaliyokufa. Matawi makavu na yaliyovunjika hayana mjadala. Hufuata yale ya chini yanayoburuza ardhini, ambayo huzuia palizi, huficha korosho zilizodondoka na kuupa moto wa nyasi ngazi ya kupandia. Shina libaki wazi kwa takribani mita moja kutoka ardhini, isipokuwa katika maeneo ya ufukweni yenye upepo mkali, ambako mkulima anaweza kuyaacha matawi ya upande wa bahari yawe chini zaidi ili yaukinge mti. Baada ya hayo huondolewa matawi yanayosuguana, yanayorudi ndani, na yaliyoingia katika mwamvuli wa jirani. Machipukizi yanayopanda wima kutoka katika shina na matawi makubwa, ambayo wakulima wengi huyaita maotea, hunyonya nguvu na hayazai, yote yaondolewe.

Kwa mwaka mmoja isiondolewe zaidi ya robo ya mwamvuli. Mti ulioachwa miaka 20 hauwezi kunyooshwa kwa siku moja. Ukikatwa kupita kiasi, jua kali hubabua gome lililozoea kivuli, gome hupasuka, na wadudu hupata mlango.

Tawi nene lina namna yake ya kukatwa. Likikatwa mara moja kutoka juu, huanguka kwa uzito wake kabla msumeno haujamaliza na kuchana gome la shina hadi chini. Hivyo hukatwa mara tatu. Mkato wa kwanza hufanywa upande wa chini wa tawi, takribani sentimita 30 kutoka kwenye shina, hadi theluthi ya unene. Wa pili hufanywa kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, nao hulidondosha tawi. Wa tatu huondoa kipande kilichobaki, karibu na shina lakini bila kukwangua uvimbe ule mdogo ambapo tawi hukutana na shina, kwa kuwa uvimbe huo ndio unaotoa gome jipya la kufunika kidonda. Kipande kirefu kikiachwa huoza na kuingiza uozo ndani. Kidonda kikubwa hupakwa dawa ya ukungu yenye madini ya shaba.

Msumeno ndio kifaa cha kazi hii. Panga hupasua mbao na kuacha kidonda cha nyuzi kisichofungika. Kwa bahati mbaya panga ndilo lililopo katika kila nyumba, na msumeno wa kupogolea lazima ununuliwe. Vyama vya msingi vya ushirika vingefanya jambo la maana kuwa na misumeno michache ya kuazimana. Vifaa vifutwe kwa dawa au vipitishwe katika moto kabla ya kuhamia mti mwingine, hasa pale kuna mti unaoshukiwa kuwa mgonjwa.

Ipo kazi ya pili ndogo ambayo hufanywa kati ya Mei na Juni, kabla ya mti kutoa majani mapya kwa ajili ya maua. Ni kuingia chini ya mwamvuli na kuyapukuta kwa mkono au kwa mkasi machipukizi machanga yote yaliyochomoza ndani nje ya msimu. Hayo ndiyo yanayohifadhi ubwiriunga. Usafi huu hauhitaji fedha, unahitaji siku chache za mtu mwenye subira, na faida yake huonekana zaidi majirani wakiufanya pamoja, kwa kuwa ugonjwa unaoletwa na upepo hauheshimu mpaka wa shamba. Kuanzia Julai msumeno uwekwe ndani.

Kupunguza miti

Shamba lililosongamana haliponi kwa kupogoa matawi pekee. Baadhi ya miti lazima itoke. Hapa ndipo ugumu wa kweli ulipo, na si ugumu wa kitaalamu.

Mkorosho katika vijiji vya kusini ni zaidi ya zao. Ni alama ya aliyepanda, ni ushahidi wa nani alifungua kipande hicho cha ardhi, na mara nyingi hugawanywa katika urithi mti kwa mti, hata pale ardhi yenyewe haijagawanywa. Kuukata mti bila kuafikiana na ndugu kunaweza kuleta shauri linalodumu kuliko mti. Inafaa familia ikutane, ikague daftari la mavuno, na makubaliano yaandikwe mbele ya uongozi wa kijiji. Familia zenye hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 hazina sababu ya kuhofu kwamba mti ukiondoka madai ya ardhi yataondoka nao. Kwa wasio nayo, kuitafuta kabla ya kuanza ukarabati mkubwa ni hatua ya busara.

Kupunguza hufanywa kwa awamu. Msimu wa kwanza huondolewa miti ambayo daftari limeionyesha kuwa tasa au dhaifu, pamoja na ile iliyoliwa ndani na wadudu. Mara nyingi mavuno ya shamba zima hayashuki baada ya awamu hii, kwa kuwa iliyoondoka haikuwa ikichangia kitu. Msimu wa pili huangaliwa nafasi: palipo na miti miwili mizuri iliyobanana, mmoja wao hupogolewa kwa nguvu upande mmoja, na ule ulio duni kidogo huondolewa mwaka unaofuata. Lengo ni kuikaribia nafasi ya mita 12, si kuifikia kwa kamba. Shamba la zamani halitakuwa na mistari iliyonyooka na halihitaji.

Mbao za mkorosho hutumika kama kuni, na sehemu ya gharama ya kazi inaweza kurudi kwa njia hiyo. Matawi yenye wadudu yasirundikwe shambani. Yachomwe nje ya shamba, mahali palipofyekwa, kwa kufuata taratibu za kijiji kuhusu moto. Kuchoma takataka chini ya mikorosho iliyobaki ni kuharibu kwa mkono wa kushoto kilichotengenezwa kwa mkono wa kulia.

Kukata na kubebesha upya

Mti wenye shina zima na mizizi imara, lakini wenye korosho ndogo au chache kila mwaka, una nafasi ya tatu. Hukatwa hadi kubaki kisiki, kisha machipukizi yake hubebeshwa vikonyo vya mti bora. Mizizi mikongwe, iliyokwisha kufika chini kwenye unyevu, huanza kulisha mti mpya. Katika uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya shida na mche mchanga huteseka wakati wa kiangazi, faida ya mizizi hiyo ni kubwa.

Mti hukatwa baada ya mavuno, kwa urefu wa kati ya nusu mita na mita moja kutoka ardhini. Mkato uwe wa mshazari ili maji ya mvua yasituame juu, na upakwe dawa ya shaba. Machipukizi hutokea katika muda wa mwezi mmoja hadi miwili, kwa kawaida mengi kuliko yanayohitajika. Yale yenye nguvu, yaliyopangika kuzunguka kisiki pande zote, takribani 10 hadi 15, huachwa, mengine huondolewa. Yanapofikia unene wa penseli huwa tayari kubebeshwa.

Vikonyo huchukuliwa katika miti mama iliyothibitishwa. Hukatwa kwenye ncha za matawi yaliyokomaa lakini ambayo hayajatoa maua, yenye unene unaolingana na chipukizi litakalobebeshwa. Kiasi cha wiki moja hadi siku kumi kabla ya kuchukua kikonyo, majani yake hukatwa na kuachwa vikonyo vya majani, ambavyo hudondoka vyenyewe na macho ya tawi kuanza kuvimba. Chipukizi la kisiki hukatwa kichwa na kupasuliwa katikati kwa wembe au kisu kikali. Kikonyo huchongwa pande mbili kama kabari, huchomekwa katika mpasuko hadi gome likutane na gome angalau upande mmoja, kisha hufungwa kwa utepe wa plastiki na kufunikwa kwa kifuko chembamba cha nailoni ili kisikauke. Kazi hii ifanyike asubuhi au jioni, na vikonyo visafirishwe vikiwa vimefungwa katika kitambaa kibichi. Baada ya wiki tatu hadi nne, kikonyo kilichoshika huanza kutoa majani, na kifuko huondolewa.

Machipukizi yaliyobebeshwa yakishapata nguvu hupunguzwa hadi kubaki sita au saba, na baadaye pungufu ya hapo, ili yajenge mwamvuli mpya. Kuanzia hapo adui mkubwa ni kisiki chenyewe. Kitaendelea kutoa machipukizi ya asili chini ya pale palipobebeshwa, nayo hukua haraka kuliko yaliyobebeshwa. Yasipong'olewa kila baada ya wiki chache, katika mwaka wa pili mkulima atakuwa na mti ule ule alioukata. Wengi waliodhani kubebesha kumeshindwa walishindwa katika hatua hii.

Wapo watakaopoteza visiki. Harufu ya mti uliokatwa huvuta wadudu watoboao shina, na mti mzee sana unaweza usichipue kabisa. Visiki vikaguliwe kila mwezi katika mwaka wa kwanza, mabuu yatolewe kwa waya au ncha ya kisu, na ardhi kuzunguka shina iwe safi. Mahali kisiki kilipokufa hupandwa mche uliobebeshwa kitaluni. Mche huo kwa kawaida huanza kuzaa kati ya mwaka wa pili na wa tatu, ingawa mavuno ya kuridhisha huja baadaye.

Miaka ya kungoja

Mti uliokatwa na kubebeshwa unaweza kuonyesha korosho za kwanza katika mwaka wa pili. Korosho za kwanza si kipato. Familia inayotegemea malipo ya mnada kulipia ada, dawa na chakula haiwezi kuambiwa ikate shamba lote na kungoja. Kwa hiyo ukarabati hugawanywa. Chukua mfano wa shamba la mikorosho 90: mkulima huanza na miti 30 iliyo dhaifu kuliko yote katika daftari, ambayo mchango wake katika gunia ni mdogo, na kuiacha 60 iendelee kuzaa huku ikipogolewa na kupata nafasi zaidi. Miti 30 ya pili huguswa pale ya kwanza inapoanza kuzaa. Kwa utaratibu huo huchukua miaka sita au zaidi kulimaliza shamba, na hakuna msimu ambao familia hukaa bila mavuno.

Nafasi iliyofunguka hupokea jua, na kwa misimu miwili au mitatu ya mwanzo hufaa kwa mazao ya muda mfupi. Karanga, kunde, choroko na njugu mawe hurudishia udongo naitrojeni. Ufuta hulipa vizuri na wakulima wa Mtwara wanaujua. Mihogo hukubalika ikiwa mbali na visiki, kwa kuwa uvunaji wake huchimbua mizizi. Palizi ya zao la chini huwa pia palizi ya mkorosho, na shamba lisilo na nyasi halishiki moto mwezi Septemba.

Kwa wakulima wa vijiji vya pwani, kandokando ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Mto Ruvuma, ziko tahadhari mbili. Mkorosho hapo mara nyingi huchanganywa na mnazi, na kanuni za mmoja hazimhusu mwingine: mnazi una kichwa kimoja tu cha ukuaji, ukikatwa hapo umekufa, hivyo mkorosho uliosongamana na mnazi ndio unaopogolewa ili kumpisha mwenzake. Pili, eneo kubwa la ukanda huo limo katika hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, na mikoko ni miti inayolindwa kisheria. Mkulima anayehitaji fito za kukinga miche au kujengea kitalu atumie matawi aliyoyapogoa katika mikorosho yake, asiingie katika mikoko.

Vikonyo na miche ya uhakika hupatikana kupitia Kituo cha TARI Naliendele na bustani za miti mama zinazotambuliwa, na ofisa kilimo wa kata ndiye wa kwanza kuulizwa. Kwa kuwa vikonyo vizuri haviwezi kungoja siku nyingi baada ya kukatwa, mkulima atoe taarifa ya mahitaji yake kabla ya kukata miti, wakati mavuno yakiwa bado yanaendelea, akiwa na idadi kamili ya visiki anavyotarajia kuvibebesha.